Mkono Uliokataa Kuachia Mpira

Siku tano za wiki Idarous Mselem alisafisha mabehewa ya treni pale Tyseley, Birmingham. Siku ya sita alikuwa mtu.

Ungemkuta Jumatatu na koti lake la rangi ya chungwa, ndoo mkono mmoja na fagio mkono wa pili, usingemgeukia mara mbili. Wasimamizi walimwita Idris, wengine Eddie, naye aliitika tu, kwa kuwa alishachoka kuwasahihisha. Lakini Jumamosi za kiangazi mtu huyo huyo alivaa nguo nyeupe alizopigiwa pasi na mkewe, akapanda gari la nahodha wake, Paramjit, wakaenda viwanjani. Huko wapinzani walikuwa wakiulizana hata hawajashusha mabegi, "Profesa yupo leo?" Profesa ndiye yeye.

Alikuwa mrushaji katika kriketi, na si wa ile mipira ya kasi inayomtafuta mtu mbavu. Wake ulikuwa wa kuzungusha. Aliutoa polepole, ukapanda hewani kama hauna haja na mtu, mpigaji akauona mkubwa kama papai na kunyanyua gongo lake kwa furaha. Ulipodunda chini, ukageuka. Mpigaji alisikia tu vijiti alivyopaswa kuvilinda vikianguka nyuma yake, naye ametolewa.

Mchezo aliuokotea Upanga, Dar es Salaam, alikohamia na wazazi wake kutoka Unguja. Wahindi wa mtaa ule walikuwa na uwanja wao, wakamruhusu arushe mazoezini, maana hakuna aliyetaka kurusha kwenye jua lile. Alipofika Birmingham alikuwa kijana asiye na jamaa ila shemeji mmoja mtaa wa Sparkbrook, na Kiingereza chake hakikutosha hata kuombea kazi. Jioni moja alipita kwenye bustani, akaona watu wanacheza, akasimama pembeni ya uzio. Mpira ukamjia miguuni. Aliurudisha ukizunguka. Paramjit, enzi hizo ndevu zake nyeusi tii, aliutazama ulivyodunda, kisha akamtazama mwenye mkono. "Wewe," alisema, "ingia ndani."

Hakuwahi kulipwa. Klabu ya Ladypool ilikuwa ya watu wa ridhaa: madereva wa teksi, mafundi, muuza vitambaa, mwalimu mmoja. Idarous aliirushia zaidi ya miaka ishirini. Mkewe, Mize, alizoea kwenda harusini peke yake. "Mimi nimeolewa uke wenza na kriketi," aliwaambia mashoga zake, na utani ule ulikuwa na mwiba ndani yake. Walipata mtoto mmoja tu, Nasreen, na huyo Idarous alimfundisha kurusha kwenye kichochoro cha nyuma ya nyumba, baina ya mapipa ya taka. Mtoto alikielewa Kiswahili chote cha baba yake na kumjibu kwa Kiingereza, kama wenzake wote wa mtaa ule.

Kisha ikaja mechi ya mwisho wa msimu, mwezi wa Septemba. Ladypool wakishinda, watapanda daraja ambalo klabu haijawahi kulikanyaga. Wapinzani walibakiwa na mpigaji wa mwisho, na mbio, yaani pointi, walizohitaji zilikuwa chache mno. Paramjit hakufikiri mara mbili, akampa Idarous mpira.

Idarous akapiga hatua zake, akainua mkono, na vidole havikufunguka.

Mpira ulimwangukia miguuni. Watu wakacheka, naye akacheka nao. Akarudi, akajifuta kiganja kwenye suruali, akarusha tena. Safari hii ulichelewa kutoka, ukaruka juu ya kila mtu mpaka nje ya mstari, na wapinzani wakapata mbio za bure. Wa tatu ulikwenda pembeni kabisa. Wa nne akashindwa hata kuutoa. Alifika kwenye mstari mkono umesimama hewani, mpira umo mle mle. Hapo hakuna aliyecheka.

Paramjit alimfuata, akaupokea mpira kwa mikono miwili. "Pumzika, ndugu yangu," alimwambia. Aliyerusha baada yake alikuwa wa kubahatisha, na mechi ikapotea palepale.

Jioni ile, jikoni, Idarous alichukua vitunguu akaanza kumrushia Mize. Kimoja baada ya kingine vilitua kwenye kiganja cha mkewe.

"Mkono wako mzima," alisema Mize.

"Naona."

"Sasa nini?"

Wiki ile alikwenda kwa daktari. Daktari aliubonyeza mkono, akauvuta, akaupima mishipa, akasema hauna kasoro. Jambo hili, alisema, huwapata wachezaji, wengine hupona, wengine ndiyo basi. Mama yake Mize alipiga simu kutoka Unguja akasema ni jicho, mtu mwenye sifa kama zile hakosi kutazamwa vibaya. Wakafanya kisomo sebuleni, watu wakaitikia dua, wakala pilau. Gaston, Mkongomani wa Bukavu aliyekuwa akisafisha naye mabehewa, alimwambia kwa namna yake ya kuchanganya Kifaransa, "Bon, Idarous, hii iko ndani ya kichwa. Usahau kwanza, itarudia yenyewe." Lakini mtu husahau vipi mkono wake?

Majira yote ya baridi alifanya mazoezi kwenye ukumbi. Akirushia vijiti vitupu, mpira ulitoka safi, ukizunguka vilevile. Akisimama tu mtu mwenye gongo mbele yake, vidole vinafunga kama kufuli.

Msimu mpya Paramjit alimvumilia mechi mbili tatu, halafu akamshusha timu ya pili. Kutoka huko akashushwa ya tatu, ambako babu wanacheza na watoto wa shule. Siku moja mtoto wa timu pinzani alimcheka, na mama wa mtoto akamkanya kwa kidole, shhh. Idarous angeweza kukivumilia kicheko. Ile shhh ndiyo aliyokwenda nayo nyumbani.

Wakampa koti la mwamuzi, labda litamfaa. Lakini mwamuzi husimama ubavuni mwa mrushaji, na Idarous alishinda mchana kutwa akitazama mikono ya watu wengine ikiachia mpira. Iliachia bila shida, hata mikono ya watu wasiojua kitu. Jioni alilikunja koti akamrudishia Paramjit.

"Klabu ni yako, Idarous. Njoo ukae tu na sisi."

"Nikae nifanye nini?"

"Utazame."

"Nimeshatazama," alisema, akatembea kwa miguu mpaka nyumbani.

Baada ya hapo alipungua. Alikula kidogo, aliongea kidogo. Jumamosi alilala kitandani uso kaugeuzia ukutani, na Mize, aliyenung'unika miaka yote juu ya kriketi, akawa yeye ndiye anayemwambia, "Nenda basi hata bustanini ukawaone wanavyocheza."

Kitu kimoja tu kilimnyanyua: Nasreen. Binti alikuwa na miaka kumi na saba, anarushia timu ya wanawake, na mpira wake ulikuwa ule ule wa kichochoroni. Watu wa timu ya mkoa walishamwita kwenye majaribio. Idarous hakukosa mechi yake hata moja. Alikaa kwenye kiti cha kukunja, peke yake, mbali na wazazi wengine, akishangilia kimoyomoyo.

Katika mechi ya mwisho kabla ya majaribio, Nasreen alianza hatua zake, akatupa jicho upande aliokaa baba yake, akasimama. Akarudi nyuma. Akaanza tena, akasimama tena. Mpira ulipotoka ulitoka mfupi na mzito. Watu wengine waliona msichana aliyepoteza hesabu ya hatua zake. Idarous aliijua hali ile kutoka ndani.

Siku ya pili yake Nasreen alimkuta jikoni. Hakuwahi kumsemesha baba yake Kiswahili kirefu, lakini siku hiyo alikitafuta neno kwa neno.

"Baba, Jumamosi... naomba usije."

Mize aliacha kukatakata mboga. "Nasreen! Huyo si baba yako?"

"Nikimwona, mama, mkono wangu unafikiri." Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Sitaki ufikiri."

"Mwache," alisema Idarous. "Kasema kweli." Akamgeukia binti yake. "Haya, mwanangu. Sitakuja."

Jumamosi ile ya majaribio aliomba zamu. Alikuwa ndani ya behewa, anaokota vikombe, ujumbe wa Mize ulipoingia: amechukuliwa. Idarous alikaa kwenye kiti cha abiria, jambo wasafishaji walilokatazwa, akakaa hivyo hivyo mpaka Gaston akamfuata.

"Habari mbaya?"

"Nzuri."

"Sasa unalia juu ya nini?"

Idarous aliitikisa simu mkononi kana kwamba inatosha kujibu.

Msimu uliofuata Nasreen alihamia mji wa Leicester kwa masomo na mchezo. Msikitini, Stratford Road, watu walimpa baba yake mkono. "Kakurithi huyo," walimwambia, naye akasema alhamdulillahi, akavaa viatu na kuondoka. Hakupata kumwona hata mara moja akirusha na fulana ya mkoa. Kuna siku alipanda treni akaenda mpaka nje ya uwanja alimokuwa akicheza, akasikia mlio wa mpira kwenye gongo nyuma ya ukuta, na kabla hajafika penye mwanya wa kuchungulia akageuka kurudi stesheni.

Mwisho wa msimu Nasreen alimpigia simu. Alisema sasa ana nguvu, hafikiri tena, baba akitaka anaweza kuja.

"Mwakani, inshallah," alisema Idarous.

Nasreen hakumbembeleza. Idarous alisikia upande wa pili wa simu pumzi ya binti yake ikishuka, taratibu, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo.