Mfuko Ulioahidi Kuoza

Juzi kwenye duka la pembejeo mjini Kitale, mama mmoja kutoka Kanduyi aliweka mche wa parachichi juu ya kaunta. Ulikuwa umekauka, mizizi imejiviringa kama ngata ndani ya mfuko wake mweusi.

"Uliniambia hii mfuko inaoza, nipande nayo," akamwambia muuzaji. "Imekaa kwa mchanga mwaka mzima."

Muuzaji akauvuta mfuko kwa vidole viwili. Ulirefuka, haukukatika. Mimi nilikuwa nyuma ya mama, nikisubiri zamu yangu.

"Inaoza, mama," akasema polepole. "Si plastiki ya kawaida. Lakini inataka joto, kama ya lundo la mbolea. Mchanga yetu ni baridi."

Mama hakupandisha sauti. Alifungua mkoba, akatoa kipande cha mfuko kilichotoboka kama sukuma iliyoliwa na viwavi. "Hii ingine nilitupa tu kwa samadi, na ndiyo imeoza. Sasa miti nipande kwa samadi, bana?"

Muuzaji hakuwa amedanganya: alisema mfuko utaoza, ila hakusema wapi. Kumbe ukweli nusu unatosha kukausha shamba.

Niliondoka bila kununua nilichofuata. Jumamosi nilikuwa nimepanda miche sita nyumbani Matisi, pamoja na mifuko ya aina hiyo hiyo, nikiisifu kwa kila aliyepita. Nilipofika, nilichukua jembe kabla ya kuvua koti. Nilipoinama kuchimbua wa kwanza, ng'ambo ya ua jirani yangu alikuwa anapanda yake, mifuko na yote, vile nilivyomfundisha.