Difu ya Bi Taratibu

Bi Taratibu aliendesha basi la shule kwa miaka thelathini na mmoja, na wanafunzi ndio waliompa jina hilo, kwa kuwa alikuwa akikata kona mtoto akiwa ameshika kikombe cha maji na tone lisimwagike. Watu wazima wakalidaka jina, mwishowe hata mwalimu mkuu akawa anamwita vivyo hivyo. Kwa hiyo alipostaafu, akachukua kiinua mgongo chake na kuagiza gari la kujiungia mwenyewe, lile linalokuja vipande vipande, makreti matatu yalipofika nyumbani kwake majirani walidhani ni makabati. Zilipita siku chache, ikashushwa injini ya silinda nane, iliyotolewa kwenye gari la kifahari lililopata ajali. Hapo ndipo walipoanza kuchungulia uani.

Mkwewe, mume wa binti yake wa pekee, alikuwa fundi wa giaboksi. Karakana yake ilikuwa ndefu na nyembamba, na ukutani gia zilining'inia kwenye misumari kuanzia ndogo hadi kubwa kama sufuria za mpishi mwenye nidhamu. Alikuwa fundi kwelikweli. Akipitisha kidole kwenye jino la gia alijua limefanya kazi miaka mingapi na dereva wake ana mkono wa aina gani. Lakini mbele ya mama mkwe ulimi wake uliota kutu. Miaka tisa ya ndoa, na mazungumzo yao hayajawahi kuvuka shikamoo, marahaba, habari za kazi, na mvua za mwaka huu. Walikuwa wakiheshimiana mpaka heshima ikawa ukuta.

Bi Taratibu alilijenga lile gari kwa miaka miwili, katika chumba cha pembeni kilichokuwa stoo. Fremu ilikuwa ya mabomba, na bodi ilikuwa nyepesi kiasi kwamba watu wawili waliweza kuibeba bila kuhema. Injini aliifunga mwenyewe. Lilipobaki suala la giaboksi na difu, zile gia za ekseli ya nyuma zinazopeleka nguvu kwenye matairi, alikwenda karakana akiwa na kikaratasi chenye uzito wa gari na kipimo cha matairi, akakiweka juu ya meza ya kazi.

"Hapa ndipo akili yangu inapogota," alisema. "Nichagulie wewe, mwanangu. Wewe ndiye fundi."

Fundi akavimba kifua kwa furaha, na katika kuvimba huko akasahau kuuliza.

Wateja wake huwa anawaeleza hivi: difu ni mapatano kati ya injini na tairi. Ukichagua fupi, injini inazunguka mara nyingi ili tairi lizunguke mara moja. Gari linaruka kama panzi, ila kwenye barabara ndefu linapiga kelele mpaka dereva anafika ameumwa kichwa. Ukichagua ndefu, injini inazunguka mara chache, gari linaondoka kwa uzito kidogo, kisha linakwenda mbali likipumua polepole. Vyote viwili hupati. Sasa gari jepesi namna hii, lenye injini yenye nguvu namna hii, alijisemea, nani alijenge kama hataki kuruka? Akachagua giaboksi ya gia sita zilizokaribiana, na difu fupi, ambayo shafti inayotoka kwenye giaboksi inazunguka karibu mara nne tairi lizunguke moja. Alizifunga mwenyewe Jumapili baada ya Jumapili, na kila boliti aliikaza mara mbili.

Siku ya kulijaribu, Bi Taratibu alizunguka mtaa mara moja, akarudi, akazima. Akasema ni gari zuri sana, akashukuru, akamwombea dua. Fundi akarudi kwake akitembea kama mtu aliyevalishwa nishani.

Wiki tatu baadaye mkewe alitoka kumsalimu mama yake, akarudi na habari kwamba gari limefunikwa turubai na halijatoka hata siku moja. Fundi akasema labda anangoja mvua ziishe. Mkewe akaendelea kukunja nguo, akamaliza shuka nzima kabla ya kujibu.

"Ulimuuliza anataka kwenda nalo wapi?"

Fundi akajikuna kichwa pasipowasha. "Ningemuulizaje? Ni mama mkwe."

"Ni dereva pia," mkewe akasema.

 Kesho yake alasiri fundi alikwenda kwa mama mkwe, akasingizia kwamba anataka kusikiliza mlio fulani kwenye ekseli, akaomba atembezwe kidogo. Bi Taratibu akaondoa turubai.

Nyumba yake ilikuwa chini ya usawa wa barabara, na getini kulikuwa na mwinuko mkali wa kokoto. Alipoachia klachi, gari likashtuka, matairi ya nyuma yakarusha kokoto ukutani, na kabla fundi hajaweka mgongo vizuri kwenye kiti, mama mkwe ameshaingiza gia ya pili, ya tatu, na injini bado inadai nyingine. Likaja tuta, akarudi ya pili. Ya tatu. Ya nne. Akaja mtu wa baiskeli, ya tatu tena. Fundi akaanza kuhesabu kimoyomoyo, na mpaka wanafika mzunguko wa barabara kuu alikuwa amefika kumi na tisa. Mkono wa mama huyu ulikuwa mwepesi ajabu, gia ziliingia bila hata kukohoa. Ilikuwa raha kuutazama. Basi akautazama huo mkono, mguu asiuone.

Waliposimama kwenye taa ndipo alipouona. Bi Taratibu aliteremsha mkono wake wa kushoto chini ya goti, akauinua mguu kutoka kwenye klachi na kuuweka pembeni, kama mtu anayesogeza kikapu cha mwenzake njiani. Alifanya haraka, kwa mazoea. Alipoinua macho akakuta mkwewe anamwangalia, akayarudisha barabarani.

Taa ikawaka kijani. Wakaenda mpaka taa za pili. Hapo fundi akapiga moyo konde.

"Goti limeanza lini, mama?"

Alidhani hatajibiwa. Lakini yule mama akaegesha gari kando, mbele ya duka la rangi, na akamweleza. Klachi ya lile basi ilikuwa ngumu kama kukanyaga jiwe. Asubuhi moja, kwa udadisi tu, alihesabu mara alizoikanyaga kabla ya kengele ya kwanza, akapata mia tatu na arobaini. Hiyo ni asubuhi moja, na bado safari ya kuwarudisha watoto. Miaka yote hiyo aliota gari lenye nguvu ya kumpumzisha, gari utakaloliweka gia ya tatu karibu na nyumbani nalo likubali kila kitu, polepole na mbio, lisikudai mguu. Dada yake alikuwa akiishi mbali, safari ya kutwa nzima, na alitaka awe anakwenda kumwona bila kumtegemea mtu.

"Nilidhani injini kubwa ni ya mapumziko," alisema. "Mwenzangu ukadhani ni ya mbio."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Nikueleze wewe habari za magoti yangu? Ningeanzia wapi?"

Fundi yeye pia hakujua angeanzia wapi. Hapo aliona haya, na haikuwa haya ya kazi mbovu, maana kazi ilikuwa safi. Alikuwa amekula mezani kwa mwanamke huyu miaka tisa. Alijua umri wa kila jino la gia lililoning'inia ukutani kwake, na hakujua kwamba mama mkwe wake anauinua mguu kwa mkono. Akashauri kwa sauti ndogo kwamba wangeweza kuweka giaboksi ya otomatiki, klachi iondoke kabisa.

"Hapana," Bi Taratibu akasema. "Gari kunichagulia gia ni kama mtu kunilisha kwa kijiko. Mikono ninayo. Nataka kubadilisha nikitaka mimi, si kila likiniita."

Wiki ile ile wakaifungua ekseli. Safari hii mama mkwe alikaa kwenye stuli karakanani, kikaratasi gotini, wakipiga hesabu pamoja. Giaboksi ya gia sita ikatolewa, ikaingia ya gia tano zilizoachana vizuri. Kwenye difu, fundi alikuwa na hamu ya kusahihisha kosa lake, akakimbilia upande wa pili kabisa: akafunga difu ndefu iliyotoka kwenye gari kubwa la starehe, ambayo shafti haifiki hata mizunguko mitatu kwa mmoja wa tairi. Barabara kuu gari likawa tamu, injini inanong'ona. Waliporudi, kwenye ule mwinuko wa getini, gia ya kwanza ikawa ndefu mno. Bi Taratibu ikabidi aishikilie klachi nusu, gari linatetemeka, harufu ya kuungua inapanda. Alipofika juu alikuwa ameuma mdomo.

Zamani angesema ni gari zuri na kushukuru. Sasa alisema waziwazi kwamba kukanyaga klachi mara chache anakuweza, kinachomuua ni kuishikilia katikati, na kwa hiyo hii pia siyo.

Wakarudi kwenye stuli. Kwa siku mbili hesabu zilipanda na kushuka, na mwisho wakakata shauri kwenye difu ya tatu na pointi mbili, yaani mizunguko mitatu na kidogo ya shafti kwa mmoja wa tairi. Gari likapanda getini bila kuungua na bila kurusha kokoto. Kutoka pale hadi barabara kuu fundi alihesabu tena, safari hii kwa sauti, akapata mabadiliko matano. Gia ya tatu ilikubali kuanzia kasi ya mtu anayekimbia polepole, na kwenye kilomita mia kwa saa, gia ya tano, injini ilikuwa imepita mizunguko elfu mbili kidogo tu.

Mwezi uliofuata Bi Taratibu alikwenda kwa dada yake, peke yake, akakaa siku nne. Goti halikupona, na hakuna aliyetarajia lipone kwa sababu ya difu. Ila alishuka garini akasimama mwenyewe, kisha akampigia mkwewe simu kumwambia kwamba kwenye milima ya njiani gia ya nne ina uvivu, na kwamba pointi tatu ingefaa kuliko pointi mbili.

Fundi hakukubali. Alisema kosa liko kwenye nafasi kati ya gia ya tatu na ya nne, na difu haina hatia. Tangu hapo kila wakikaa kula wanabishana jambo hilo, wanachorana kwa vidole juu ya meza, kila mmoja akimkata mwenzake maneno, na binti mtu amezoea kusogeza sahani na kuwaachia nafasi.