Nyumba Yenye Dirisha Kila Upande

Mwezi uliopita nilifika Marekani, rafiki yangu. Nilifika saa kumi na mbili asubuhi, kwa basi la kampuni, nikiwa nimevaa sare ya ulinzi na kushika chai ya maziwa kwenye kikombe cha karatasi. Usicheke bado. Ngoja nikueleze, kisha utacheka vizuri zaidi, au utanyamaza kama nilivyonyamaza mimi, na mimi unanijua: tangu nizaliwe nimenyamaza labda mara mbili.

Nilikuwa nimehamishwa kutoka mtaa wa Abu Hamour, hapa Doha, nilikokuwa nikilinda duka la samani, nikapelekwa huku Al Rayyan kwenye kampaundi ya zamani, nyumba nyingi ndani ya ukuta mmoja, ambayo wapangaji wake wote walishahama. Inangoja kubomolewa. Kazi yetu ni kukaa langoni mchana kutwa ili watu wasije wakang'oa milango na mabomba kabla wenyewe hawajaibomoa. Niko na Mganda mmoja mrefu kama mlingoti wa bendera, na hapa tunaitana kwa nchi zetu.

"Uganda," nikamwambia tulipokuwa tukishuka basi, "mjomba wangu aliishi Rayani. Ile ya Marekani."

"Majina yanatembea kuliko sisi, Kenya," akasema. "Kwetu kuna kilabu cha pombe kinaitwa Yerusalemu."

Tukaingia kwenye kibanda cha mlinzi, nikakaa kitini. Nikatazama mbele, nikaona dirisha. Kushoto, dirisha. Kulia, dirisha. Nikageuza shingo polepole kama mtu aliyesikia nyoka nyuma yake. Dirisha. Chai ikanimwagikia mapajani na sikuhisi moto.

Sasa hapo lazima nikurudishe nyumbani, la sivyo hutaelewa.

Nililelewa na nyanya, mama ya mama yangu, nje kidogo ya Kitale, kwenye mahindi marefu kiasi kwamba ng'ombe akipotea humo mnamsamehe tu. Nyanya alikuwa na sauti ya kuamsha wilaya tatu. Maharagwe yake, aliyoyachemsha kwa jivu la magadi mpaka yakawa laini kama siagi, yangeweza kumtoa mgonjwa kitandani akaomba sahani ya pili. Mchana wa mavuno tulikaa uani tukipukuchua mahindi, vidole vikiwaka, injini ya kinu cha posho ikigonga tu-tu-tu kutoka senta, kuku wakituzunguka kama wanasiasa wakati wa kura.

Na katika ua huo ndipo barua za mjomba ziliposomwa. Mjomba alikuwa mwana wa pekee wa kiume wa nyanya, na alikuwa amekwenda ng'ambo. Barua hazikuja kwa posta. Zililetwa na mtu wa Bungoma aliyekuwa akija likizo, pamoja na boksi la tende. Nilikuwa nikikusanya stempu, na ilinikera kwamba jamaa yangu yuko mbali namna hiyo na hanipatii hata stempu moja. Nyanya alinituliza: "Stempu za huko ni za thamani, haziachwi zitembee ovyo."

Barua ya kwanza bado naijua kwa moyo. "Mama, nimefika salama. Ninaishi miongoni mwa Wamarekani katika mtaa wa Rayani." Basi. Kufikia jioni kijiji kizima kilijua kwamba mjomba yuko Marekani, na kufikia kesho yake kuna waliosema amemsalimia rais.

Lakini huyo mjomba, lo, alijua kuandika! Barua zake hazikuwa za salamu na magonjwa. Zilikuwa ramani. Alisema mtaa umepinda kama kwato ya ng'ombe, una nyumba ishirini na nne, zote nyeupe, zote pacha, kiasi kwamba mtu akilewa anaweza kulala kwa jirani na asijue. Katikati kuna bwawa la kuogelea lenye umbo la haragwe. Nyanya alilipenda bwawa hilo kuliko mbingu. Mbele ya lango kuna mti mmoja wenye miiba. Nyumba ya kwanza hadi ya sita ni Wamarekani wa mambo ya mafuta. Ya saba ni Mwingereza na mbwa wake wawili. Ya kumi na ya kumi na moja ni Wahindi, ndugu wasiosemezana. Ya kumi na tisa ni mwanamke Mkanada anayefuga kasa. Kuna Wafilipino na Wanepali pia, ila hao huingia asubuhi na kutoka jua likitua. "Na mimi," akaandika, "nyumba yangu ni ndogo kuliko zote, lakini ndiyo iliyo karibu zaidi na lango. Hakuna anayepita bila kunisalimu. Na ndiyo pekee yenye dirisha kila upande."

Nyanya aliposikia hivyo aliweka gunzi chini. "Dirisha kila upande!" Kwetu nyumba ilikuwa na dirisha moja, nalo lilizibwa na gunia. Tangu siku hiyo, mtu yeyote akijisifu mbele yake kuhusu mwanawe, nyanya alimngoja amalize, kisha akauliza kwa upole, "Na nyumba yake ina dirisha pande ngapi?"

Mwalimu wetu wa jiografia aliziazima barua hizo. Somo lilikuwa makazi na idadi ya watu, na kitabu cha shule kilikuwa kimoja kwa wanafunzi sita, chenye kurasa zilizoliwa na mchwa. Basi akachora Rayani ubaoni kwa chaki ya rangi, kwato na haragwe na mti wa miiba, na pembeni akachora grafu ya wakazi kwa mataifa yao. Msichana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, na Wamarekani weusi wako wapi?" Mwalimu akafikiri, akanielekezea chaki mimi. "Ni mjomba wa huyu." Tulitafuta Rayani kwenye atlasi hatukuiona. "Vitongoji haviwekwi kwenye atlasi," akasema, "vingewekwa, atlasi ingekuwa na uzito wa ng'ombe."

Hata mambo yaliyopinda yalinyooshwa. Mjomba aliandika kwamba Ijumaa hawafanyi kazi. Mwalimu akatueleza kwamba dunia ni duara, kwa hiyo Jumapili yao inaangukia Ijumaa yetu. Mimi nikayaandika hayo kwenye mtihani kwa mwandiko mzuri kabisa. Mjomba aliandika kwamba siku nzima upepo umeleta vumbi mpaka nyumba ya pili haionekani. Nyanya akatangaza kwa majirani: theluji ya huko ni ya udongo. Na tende? Jirani yetu, mama mmoja mwenye mdomo mkali, alitafuna moja akatema kokwa na kusema, "Mimi hizi nilizila kwa Waislamu wa mjini wakati wa Idi. Kumbe walizitoa Marekani!" Tukamcheka kwa ujinga wake. Sisi ndio tuliomcheka yeye.

Nilipomaliza darasa la nane nilipata nafasi katika shule ya sekondari ya kutwa, maili mbili kutoka kwetu. Si shule kubwa, lakini ilikuwa na maabara, na mimi nilitaka maabara kuliko nilivyotaka viatu. Wiki hiyo hiyo ikaja barua. "Mpwa wangu asianze huko. Atakuja aanze hapa. Shule iko nyuma ya nyumba namba tisa, yenye mlango wa buluu. Nitamwonyesha mwenyewe."

Nyanya alivaa gauni lake la kanisani, akanishika mkono, tukaenda kwa mwalimu mkuu. "Nafasi hii mpe mtoto mwingine," akamwambia. "Wangu anaenda Rayani." Mwalimu mkuu alisimama akampa mkono. Nafasi ilichukuliwa na yule msichana aliyeuliza swali. Siku hizi ni daktari wa mifugo, nasikia, na nafurahi, nafurahi sana, usinitazame hivyo.

Nikangoja. Nilingoja kwa bidii, rafiki yangu. Kama kungoja kungekuwa mbio, ningeiletea Kenya dhahabu. Kila asubuhi niliitembea Rayani kichwani: lango, mti, kushoto kwenye kwato, moja, mbili, tatu, mpaka mlango wa buluu. Wenzangu walipita na sare zao wakipiga kelele, "Rayani! Bado uko?" Jina likanishika. Mwaka wa kwanza nilicheka nao. Mwaka wa pili nilijificha kwenye mahindi wakipita. Mwaka wa tatu nilikuwa nimeajiriwa kwenye kinu cha posho, mweupe kwa unga kichwa hadi miguu, na hawakunijua.

Mjomba akarudi na masanduku mawili na miwani ya jua. Kuhusu shule alisema sentensi moja tu, akiwa anakula: "Mambo ya viza yalikaza." Kijiji kikampa jina Mmarekani, naye hakulikataa, mpaka leo kwenye harusi anakaa mstari wa mbele. Mimi sekondari niliianza nikiwa na ndevu, shule ya jioni mjini, na mwalimu wa hesabu alinipa heshima akidhani nimekuja kumleta mwanangu. Cheti changu nimekitia plastiki. Hata mvua ya gharika haikiwezi.

Nilipopata kazi ya kuja Doha, mjomba alinisikitikia mbele ya watu. "Uarabuni? Mimi nisingeweza. Sisi tulizoea Wamarekani." Halafu akanivuta kando akaniambia kwa sauti ya chini, "Kunywa maji kabla kiu haijaja. Na saa sita usiegemee chuma." Nikamuuliza amejuaje. "Mambo ya kusikia tu," akasema.

Turudi kwenye kibanda. Chai imenimwagikia, Uganda ananishangaa. Nikatoka nje. Mbele ya lango ulikuwepo mti mmoja, wa miiba. Nikaingia ndani ya kampaundi, nikaanza kutembea, na miguu ilijua njia. Kushoto kwenye kwato. Bwawa kavu, lenye majani chini, umbo la haragwe. Namba saba. Namba nane. Namba tisa ilikuwa na mlango wa kijani, na moyo wangu ukaruka kwa furaha: siyo! Kisha nikainama. Pale chini, mbwa au baiskeli ilipokwaruza, chini ya kijani kulikuwa na buluu.

Nikazunguka nyuma. Nilitaka nikute ukuta. Wallahi, ningekuta ukuta tu ningeshukuru. Nilikuta chumba kidogo chenye bata wa njano aliyechorwa ukutani, na herufi A, B, C, kila moja na tunda lake, na viti vya plastiki vifupi kama vya kukamulia ng'ombe. Shule ilikuwepo. Shule ya watoto wa miaka mitatu.

Nikakaa kwenye kiti kimoja, magoti yakanifika kidevuni. Nikazikariri barua zote, moja baada ya nyingine. Hakuna hata mahali pamoja alipoandika kwamba yuko Marekani. Aliandika Wamarekani. Kila neno lilikuwa la kweli: dirisha, lango, salamu, shule. Mtu akikudanganya kwa maneno ya kweli, unamshika wapi?

Nilimweleza Uganda yote. Alisikiliza kwa adabu mpaka kwenye bata wa njano, ndipo akashindwa. Alicheka akashika mti wa miiba, akaumia, akaendelea kucheka. "Kenya! Karibu Amerika, bwana!" Nami nikacheka, maana ningefanya nini? Lakini kicheko kilitoka kama kikohozi.

Ijumaa iliyofuata nilimpigia mjomba simu nikiwa kwenye kiti kile kile cha kibandani.

"Mpwa wangu! Habari za joto?"

"Mjomba, mlango wa nyumba namba tisa ulikuwa rangi gani?"

"Buluu. Nimekwambia mara mia."

"Siku hizi ni wa kijani. Lakini pale chini umekwaruzika, buluu inaonekana."

Nilisikia kuku wa kwetu. Nilisikia kinu kwa mbali, tu-tu-tu, kile kile. Nilimngoja aseme kitu, nilishazoea kumngoja.

"Dirisha la upande wa magharibi," akasema mwishowe, "jua lake ni baya. Weka boksi."

"Nimeweka."

"Mimi pia niliweka boksi."

Hilo tu. Hakuuliza ile miaka mitatu iko wapi. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia, makali, ya mtu mwenye cheti, lakini nikasikia sauti ya nyanya nyuma yake, sauti ambayo siku hizi haiamshi hata wilaya moja: "Ni nani huyo? Nipe." Na mjomba akanong'ona haraka, kama mwizi anayepitisha mzigo dirishani, "Tafadhali."

Nyanya akashika simu. Akaniuliza kama nakula. Akaniuliza kama nasali. Kisha akaniuliza nilichojua ataniuliza.

"Na nyumba uliyomo, mjukuu wangu, ina dirisha pande ngapi?"

Jumapili hii inayokuja katapila linaingia. Litaanza na lango, wamesema, kwa hiyo kibanda ndicho kitakachotangulia. Nimemwomba Uganda anishikie zamu, nisiwepo kuona. Ile Rayani ya chaki, na mwalimu aliyepima atlasi kwa uzito wa ng'ombe, na mtoto aliyehesabu milango kila asubuhi akienda shule isiyokuwa yake, hayo yote nilikuwa nimeyatunza vizuri kuliko cheti, na sasa sijui niyaweke wapi. Siku ile, simu sikioni, nilitazama mbele, kushoto, kulia. Sikuhitaji kutazama nyuma.

"Kila upande, nyanya," nikasema. "Dirisha kila upande."

"Kama ya mjomba wako!" Akapiga kigelegele chembamba kama uzi, na nyuma ya kigelegele hicho nikamsikia mjomba akitoka nje na kuufunga mlango.