Kigutu Kilichopimwa Ramadhani

Karakana yetu iko mtaa wa Doornfontein, huku kusini mwa Afrika, ghorofa ya pili, juu ya fundi viatu. Tunatengeneza miguu ya bandia. Kamera mpya ilipofika nilikabidhiwa mimi, kwa sababu wenzangu walishazoea kupima kwa plasta na hawakutaka usumbufu, na kwa sababu mimi tangu utotoni Dar es Salaam nina ugonjwa wa kutaka kujua.

Ni kidude kidogo tu, kinabandikwa nyuma ya kishikwambi. Hakijali rangi. Kinarusha mwanga usioonekana, mwanga unagonga kitu na kurudi, nacho kinajua kila nukta ya kitu hicho iko mbali kiasi gani. Unakizunguka kitu taratibu kama mtu anayekagua gari la mtumba, na kwenye kioo kinajijenga chote, kijivu, pamoja na vipimo vyake. Sanduku ungelipima kwa rula ukamaliza. Lakini kigutu cha mguu kina mfupa hapa, kovu pale, nyama laini nyuma, na hakuna viwili vinavyofanana.

Wiki ya kwanza nilipima kila nilichokiona. Nilinunua pande la tangawizi sokoni Newtown, nikachagua lenye vidole vingi kuliko yote, nikalipima kwa kamera. Kisha nikalitumbukiza kwenye jagi lililojaa maji pomoni na kupima maji yaliyomwagika. Majibu hayakulingana. Nilinuna mchana kutwa mpaka nilipogundua kwamba kamera haikuona mianya kati ya vidole, ikaijaza yote kana kwamba nayo ni tangawizi. Nikaligeuza, nikalipima upya kutoka kila upande, majibu yakakaribiana. Glasi ndiyo kamera haikuiona kabisa, mwanga uliipenya tu. Mkuu wetu, mama wa Kizulu, aliniuliza kama ameniajiri kupima mboga.

Mteja wangu wa kwanza wa kamera alikuwa Mtanga, mlinzi wa ghala moja kule Midrand. Lori lilirudi nyuma likambana na ukuta, mguu ukakatwa chini ya goti. Alikuwa na mwaka mzima akitembelea magongo. Tulitaniana kidogo, maana watu wa Tanga na sisi wa Dar hatuachani hivi hivi, kisha akaniambia kilichomleta. Mama yake hajui. Kila wiki wanapigiana simu ya video, na yeye huonyesha uso na kifua tu. Amekata tiketi ya kwenda nyumbani Jumamosi baada ya Idi.

"Nataka anione nikiingia uani kwa miguu miwili, dada," alisema. "Mengine nitamwambia pole pole."

Ilikuwa katikati ya Ramadhani, saa kumi alasiri, sote wawili tumefunga, midomo imekauka. Nilikizunguka kigutu chake mara tatu. Umbo lilitoka safi, bila tundu hata moja. Nikalituma kwenye mashine ya kuchapa, nayo ikajenga kikombe, yaani ile sehemu ya mguu wa bandia ambamo kigutu huingia, tabaka juu ya tabaka. Nilijiona fundi kwelikweli.

Alirudi Jumatano baada ya Idi kuujaribu, amevaa kanzu mpya. Kigutu kikaingia nusu kikagoma. Akasukuma, jasho likamtoka.

"Eish, dada. Inabana."

Kikombe kikilegea unakivisha kigutu soksi ya ziada. Kikibana hakuna dawa, utachuna ngozi. Niliilaumu kamera kwa maneno ambayo siyaandiki hapa. Nikapima kigutu cha mfano kilichokuwa rafuni, ambacho vipimo vyake navijua kwa kichwa, na kamera ikajibu sawasawa. Nikampima yeye upya. Kigutu kilikuwa kikubwa kuliko kile cha alasiri ile. Kamera haikukosea mara ya kwanza, wala ya pili. Mguu ndio uliobadilika, na hilo lilinishika kichwa hata nikasahau kwamba mwenye mguu amekaa mbele yangu ananisubiri. Nikamuuliza siku ile alikuwa amekunywa nini.

Alinitazama kama anayezungumza na mgonjwa. Siku ile, akanikumbusha, tulikuwa tumefunga.

Niliona aibu mpaka masikioni. Mwili usiopata maji tangu alfajiri hupungua, na kigutu ni mwili. Mkristo angeweza kusahau jambo hilo. Mimi nilikuwa na kiu ileile, saa ileile, nikapima kiu yake nikaiandika kuwa ndio ukubwa wake.

Nilimwambia ukweli: kikombe kipya, pamoja na kukijaribu na kukirekebisha, hakiwezi kuwa tayari Jumamosi. Nikamwomba radhi. Alikunja pindo la kanzu, akalikunjua, akalikunja tena. Kazini walishampa tarehe zake za likizo na zisingebadilika. Nilidhani ataahirisha safari, au ataniambia neno nililostahili. Badala yake alitoa simu, akampigia mama yake, akanipa niishike.

"Rudi nyuma, dada," aliniambia. "Anione wote."

Nilirudi nyuma hatua moja, ya pili, mpaka mgongo wangu ukagusa ukuta. Kule Tanga ikasikika redio tu. Mama aliuliza lini. Akajibiwa mwaka jana.

"Waliokukata mguu," alisema mama, "walikukata na ulimi?"

Kijana wake akainamisha kichwa. Nilimsikia mama akilia, kisha akipenga kamasi, kisha akimwambia aje hivyo hivyo na magongo yake, na asithubutu kuahirisha.

Alisafiri. Aliporudi mwezi uliofuata nilimpima siku mbili mfululizo, asubuhi, mchana na jioni, na kila mara nilimuuliza amekunywa nini na amekula nini, mpaka akachoka nami. Niliviweka vipimo vyote pamoja kwenye kioo. Vilipanda na kushuka kama nilivyotarajia, lakini hata kile kidogo kuliko vyote kilizidi vya Jumatano ile. Nilipima tena nikidhani nimekosea. Nikamuuliza kulikoni.

Akacheka, akajipapasa goti.

"Mama," alisema. "Kila nikimwambia nimeshiba, ananipakulia tena. Anasema huo mguu nao haujala."