Karuho ya Adalbert

Adalbert Niyibizi anauza jibini ya Masisi kando ya barabara ya Himbi, na kwa kuongea hana mpinzani. Nimemwona akimuuzia jibini nzima mzee aliyesimama kuuliza njia tu. Mimi ni jirani yake hapa Katindo, na kwa miaka mingi nilizoea kuisikia sauti yake kabla ya kumwona mwenyewe. Kwa hiyo alipoanza kunyamaza, tulijua kuna jambo.

Alikuwa anakonda. Suruali zilimpwaya, mashavu yakaingia ndani, na hakuweza kumaliza mtaa bila kutafuta pa kukojoa. Alikunywa maji mpaka tumbo likamjaa, kisha akaomba mengine. Mke wake, Thérèse, aliniambia kwamba sisimizi walikuwa wamepanga foleni chooni kana kwamba kuna mtu amemwaga asali. Hapa Goma mtu akikauka namna hiyo, ugonjwa hautajwi. Watu hutazamana, kisha mmoja hushusha sauti na kutaja karuho, sumu ya polepole ambayo husemwa mtu hutiliwa kwenye chakula au kinywaji na mtu wake wa karibu. Swali linalofuata ni moja tu: ulikula wapi?

Adalbert alikuwa amekula kwa Olive Uwizeye, dada yake mkubwa ambaye humwita yaya, na ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Olive alikuwa mpishi wa harusi, na familia nyingi za hapa ziliamini kwamba bila yeye sherehe haijafanyika. Siku ya Pasaka alimpikia mdogo wake ndizi na maharage. Siku chache baadaye kiu ikaanza. Tena walikuwa wamebishana kidogo juu ya shamba la baba yao kule Masisi. Kwa mtu anayetafuta mchawi, hayo yanatosha kabisa.

Kwenye kikao cha ukoo, Adalbert alisimama na kusema, "Sikukula mahali pengine. Ni chakula ya yaya tu ndiyo ilinifanya hivi."

"Adalbert," Olive akamjibu, "miye ndiye nilikulisha tangu uko mutoto. Leo ndiyo nitakuua?"

Hakuna aliyemfukuza. Sisi si watu wa kufukuzana. Watoto wa ndugu walikatazwa tu kuingia kwake, na wenye harusi wakawa kila mara wameshapata mpishi mwingine. Olive akahamia Majengo, akaanza kuuza makaa. Nilipomuuliza kwa nini makaa, alisema ni biashara ambayo hakuna mtu anayeitia mdomoni.

Adalbert yeye alipanda pikipiki hadi Kiwanja, kwa mama mmoja anayesifika kwa kutoa sumu. Alinyweshwa dawa ya kutapika, akatapika hadi miguu ikamwisha nguvu, kisha akaagizwa kunywa maziwa yenye asali ili kuosha tumbo. Aliporudi alijiongezea Fanta asubuhi na jioni, ili kurudisha nguvu. Kila alichokunywa kilikuwa kinamchimbia kaburi, naye akishukuru.

Kilichomwokoa ni Thérèse na mapenzi yake kwa vitu vya bure. Jumapili moja wauguzi walipanga meza nje ya kanisa, wakampima sukari kila aliyetaka, na Thérèse akamsukuma mumewe kwenye mstari. Muuguzi Munezero alimchoma kidole, akatazama mashine, akamchoma kingine. Mashine haikutoa namba. Sukari ilikuwa imepita kipimo chake.

"Papa, unakunywaka nini?"

"Maziwa na asali. Na Fanta. Balinitilia karuho, ndiyo naosha tumbo."

"Hii haiko karuho. Iko sukari, imejaa ndani ya damu yako. Na ile asali unaongeza tu juu yake."

"Sukari?" Adalbert akakasirika. "Miye hata chai nakunywaka bila sukari!"

"Hata vile. Mwili yako haiwezi tena kuitumia vizuri. Tuende ku hôpital, sasa hivi."

Walimtundikia maji mchana ule ule. Daktari alimwambia Thérèse kwamba wangechelewa kidogo tu, wangekuwa wanazungumza habari ya jeneza. Alitoka hospitali na sindano za insulini, maagizo ya kupunguza bugali, na amri ya kutembea kila asubuhi. Akatii. Nyama zikarudi mwilini, na sauti nayo.

Munezero aliisikia sauti hiyo, akaipa kazi. Wagonjwa wake wengi walikuwa wanafia kwenye nyua za waganga wa karuho, wakitapishwa huku damu imejaa sukari, na hawakutaka kusikia maneno ya wauguzi. Basi akaanza kumpeleka Adalbert makanisani. Alikuwa hodari ajabu. Alieleza kiu, mikojo na sisimizi, watu wakacheka hadi wakashika mbavu, halafu wakajipanga kupimwa. Nasema kwa haki: aliokoa watu. Lakini katika hadithi yake hakutaja hata mara moja alimdhania nani. Goma nzima ilikuwa imeambiwa kwamba haikuwa sumu, isipokuwa Majengo, kwenye nyumba moja ya muuza makaa. Hilo lilinikasirisha, na nilimwambia. Akajibu kwamba ana ratiba nyingi.

Kisha, kwenye kanisa moja la Ndosho, bibi aitwaye Nyirakamana aliinua mkono baada ya watu kumaliza kucheka.

"Muzee, ule mutu ulisema alikupatia karuho, yeye anajua kama ilikuwa sukari?"

Adalbert akakohoa. Akasema mambo ya familia yanahitaji wakati. Bibi akauliza tena, na safari hii hakuna aliyecheka. Walipotoka nje Munezero alimbana hadi akamtaja Olive, kisha akamwambia, "Papa Adalbert, sitakuita tena mpaka ufike kwa dada yako."

Adalbert akaniomba nimsindikize. Olive alitukuta tukibisha hodi saa sita mchana, akatukaribisha bila kushangaa, akakaa mikono magotini na kusikiliza yote. Safari hii Adalbert hakuongeza chumvi. Alieleza mashine, hospitali, sindano, kisha akapiga magoti.

"Yaya, nilikukosea. Unisamehe."

"Nilikusamehe zamani," Olive akasema. "Simama, ukae."

Nilidhani yamekwisha. Aliingia jikoni, akarudi na sahani moja ya ndizi na maharage. Akaonja kijiko cha kwanza mbele yetu, kama mwenye nyumba anavyoonja pombe kabla ya kumpa mgeni, kisha akaniwekea mimi. Mbele ya Adalbert hakuweka kitu.

Adalbert akatabasamu, akidhani anatunzwa. "Yaya, maharage nakulaka. Munganga wa ku hôpital alinikubalia, kidogo kidogo."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa hautakula hapa. Utakuja, tutaongea, batoto yako bakuje pia. Lakini chakula na maji, utakulia kwako." Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza bei. "Ile sukari yako inaweza kupanda hata kesho. Ukianguka, batauliza tena ulikula wapi. Miye siko na nguvu ya kuulizwa mara ya pili."

Adalbert aliitazama sahani yangu. Sikuwa na njaa hata kidogo, na macho yake yalinikaa shingoni. Lakini Olive naye alikuwa amesimama ananitazama, kwa hiyo nilikula mpaka chembe ya mwisho, nikaomba aniongeze.