Ndege Aliyeitwa Bundi

Septemba ile kitanda cha mume wangu kilikuwa sebuleni, dirishani, kwa sababu ngazi zilikuwa zimemshinda. Madaktari walishanyoosha mikono. Alichobakiwa nacho ni kumtazama ndege wa kijivu aliyeatamia kwenye mkaratusi nyuma ya nyumba yetu ya kupanga, Mount Druitt, huku ugenini. Kwa ndege hao, mchana dume ndilo linaloatamia, limejikausha kama kuni.

"Huyu baba anajua kazi," aliniambia. "Nataka nione vifaranga tu."

Mimi niliyekwishachoka kuombewa na watu, nikaanza kuyaombea mayai.

Mama mkwe alimwona ndege huyo alipotoka kuanika nguo. Kichwa kikubwa, macho ya manjano. Kwetu Kivu, bundi akitua penye mgonjwa, majirani huanza kutafuta turubai la msiba.

Nilikuwa kazini, kwenye nyumba ya wazee Seven Hills, nikimlisha uji baba wa watu. Yaliyotokea nilisimuliwa na binti yetu. Alimwambia bibi yake kwamba huyo si bundi, walifundishwa shuleni, na kwamba baba anampenda. Yote hayo aliyasema kwa Kiingereza. Kiswahili anakisikia, kukisema hataki. Bibi yake hakuambulia hata neno.

"Toka pale, mutoto! Ule anakuya kubeba baba yako!" akamjibu, akachukua fimbo ya kudekia, akaanza kumpiga ndege kule mtini.

Mume wangu akagonga kioo kwa kijiko. Sauti ilikuwa imeshamwishia. Mama yake akadhani anamhimiza, akazidisha. Kiota chenyewe kilikuwa vijiti vichache tu. Mayai yakapasukia kwenye saruji, na moja lilikuwa na kifaranga kamili, mwenye manyoya.

Niliporudi mama mkwe alikuwa ameshafagia, uso umemchangamka.

"Nimemufukuza, mama. Sasa atapona."

Nilitaka kumtukana, na matusi ninayo. Lakini viganja vyake vilikuwa vimechubuka, mwanamke wa umri ule, kwa kumpigania mwanawe. Nikayameza. Mpaka leo sijamwambia kwamba hakuwa bundi.

Mume wangu hakumlaumu mtu. Alinong'ona tu kwamba tukigeuze kitanda, kielekee ukutani. Tukakigeuza, mama yake kichwani, mimi miguuni. Hakuomba kitu kingine tena.