Wigi Niliyoichemsha

Juzi pale Emali nilimwona mwenye duka akichana wigi taratibu, akianzia nchani. Nikakumbuka alasiri niliyomchosha mama yangu kabisa.

Alikuwa na wigi moja tu, ya kwenda kanisani. Alipoenda kuchota maji, niliona ina vumbi, nikaichemsha kwa sabuni ya kufulia kama nepi za mtoto. Jikoni kukanuka plastiki iliyoungua, na wigi ikajikunja kama katani.

“Mwende!” mama akafoka aliporudi. “Wigi inaoshwa kwa maji baridi, inaanikwa kivulini! Nikwambie mara ngapi usiguse vitu vyangu?”

“Pole, mama. Nywele zitamea tena.”

Akaketi, akafungua kitambaa chake cha kichwa. Nywele zake zilikuwa zimenyonyoka mabaka mabaka tangu augue baada ya kumzaa ndugu yangu. Mimi nilidhani wigi ni maringo tu.

“Hata mimi nangoja zimee,” akasema kwa uchovu. “Haya, lete maji baridi tuone kama itanyooka.”

Haikunyooka. Jumapili alienda kanisani na kitambaa, akiwa amenishika mkono kwa nguvu hadi tulipoketi.